Simiyu wa Ulimwengu Mwingine

Mama Rasoa,

Mulembe, Mama. Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, ambako sasa ni jikoni kwangu, ingawa majirani bado wanapiga hodi wakiita jina lako. Mwanao Wekesa ameezeka upya ule upande uliokuwa ukivuja. Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akikupiga teke wewe peke yako amezaa mara mbili tangu uondoke, na sasa ananipiga teke mimi. Ulikuwa ukisema ng'ombe humjua mwenye boma. Basi nimeipokea heshima hiyo, na paja langu lina alama yake.

Miaka mitatu sijakuandikia. Nilianza mara nyingi nikaacha, kwa sababu kila nilichokuwa nacho kilikuwa malalamiko. Leo sina lalamiko hata moja. Nimerudi jana kutoka Bungoma, Mama, na nimekuja na habari ambayo siwezi kukaa nayo. Lakini nitaianzia mbali, hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka wajukuu wako wakiikuta barua hii siku moja wajue bibi yao alikuwa mtu wa namna gani.

Mwaka ule mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa bado mgeni, nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya sekondari kule Kitale, na Jumapili nikifundisha darasa la vijana katika kanisa letu hapa Kiminini. Wewe ulikuwa mwenyekiti wa akina mama. Mimi nilikuwa mke wa mwanao Wekesa, nina miaka minne tu kwenye boma hili, na nilikuwa bado naogopa kukalia kiti chako hata ukiwa shambani.

Jumapili moja darasani Chebet aliinua mkono. Unamkumbuka, yule msichana wa Kapsokwony aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapa chini. Akasema, "Mwalimu, kwa redio nimesikia ati pengine hii ulimwengu yetu si moja. Ati ziko zingine mingi, na hatuwezi kuziona. Sasa Mungu wetu ni wa hii peke yake?"

Nilimwambia ukweli. Nikasema hao ni wataalamu wanaofikiri kwa hesabu, hakuna aliyeona, na pengine hakuna atakayeona. Nikasema, "Lakini kama yapo malimwengu mengine, aliyeyaumba ni Mungu yule yule. Hakuna mwingine wa kuyaumba." Ningeishia hapo. Lakini Chebet akauliza tena, "Na ni kweli ati huko kunaweza kuwa na Chebet mwingine, mwenye maisha yake ilienda njia ingine?" Nikacheka, nikasema, "Wako wanaofikiri hivyo. Ukikutana naye muulize kama amemaliza kazi ya shule." Vijana wakacheka na tukafunga kwa sala.

Maneno yale hayakuchelewa kukufikia, lakini yalikufikia yakiwa yamevaa nguo nyingine. Mzee Makokha, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, na maneno ya watu wa pwani aliyajua kutushinda sote. Aliposikia kwamba mwalimu amefundisha "malimwengu", yeye alielewa anasa za dunia. Wengine wakaongeza kwamba nimesema kuna miungu mingi. Na mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akakuambia nimewafundisha vijana kwamba kila mtu ana mwenzake mahali pengine, hata waliokufa.

Ulipita uani bila kunisalimu. Ulisimama mlangoni mwangu, mikono nyuma, ukasema, "Mwarimu, kwa hii boma hakutakuwa na mafundisho mbiri." Kisha ukaenda mwenyewe kwa Mzee Makokha kuomba niondolewe darasani. Alitoa daftari la wazee akayaandika mashtaka yako, na Jumapili iliyofuata nikasomewa mbele ya watu kwamba nimepumzishwa. Nilienda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, na mtoto wangu wa pili tumboni.

Sijawahi kukuambia jinsi miezi ile ilivyoniuma. Tulikuwa tunapalilia mahindi ulipoacha kunisemesha, na mahindi yalikomaa bado hujanisemesha. Ulikuwa ukimtuma mtoto, "Mwambie mama yako kuna maziwa." Nami nikimrudisha, "Mwambie bibi nimeshukuru." Wekesa alikuwa akila haraka na kutoka. Usiku niliwaza kurudi kwetu. Sikuelewa. Nilijua wewe ni mkali, lakini hukuwa mtu wa chuki, na makosa yangu niliyapima na ukali wako nikaona havilingani.

Kisha ukaja mchana ule wa kupukuchua mahindi. Wekesa alikuwa ameenda Kitale kutafuta magunia, mtoto alikuwa kwa jirani, na mvua ikatufungia wawili ndani ya ghala. Tulikaa tumepeana migongo, vidole vinafanya kazi. Mvua ilipiga mabati mpaka ikachoka. Ilipopungua nikasikia sauti yako, ndogo, kama si yako.

"Huko kwa hiyo urimwengu ingine," ukasema. "Mto pia irifurika?"

Nilishika gunzi mkononi nisijue unasema nini. Ndipo nikaelewa. Simiyu. Mwanao wa kwanza, ambaye mimi sikuwahi kumwona, aliyechukuliwa na mto akirudi kutoka Sirisia akiwa na miaka kumi na tisa. Picha yake ilikuwa pale ukutani kila siku na mimi nikapita mbele yake miezi saba nikidhani unapigania mafundisho ya kanisa. Kumbe mimi, kwa mzaha wa darasani, nilikuwa nimekuambia pengine kuna mahali ambapo mto haukufurika, na mwanao alivuka, akafika nyumbani, akaoa. Ulikuwa umelala na hilo miezi saba. Wakati mwingine ukilitamani, na wakati mwingine ukinichukia kwa kukutamanisha.

Mama, ningeweza kukudanganya. Ningesema ndiyo, yuko, anaishi vizuri. Nilikuangalia nikaona hungenisamehe uongo huo hata kama ungeuamini. Nikasema, "Mama, hakuna anayejua. Na kama kuna mtu wa namna hiyo huko, ana mama yake wa huko. Si yule uliyemzaa wewe." Nikangoja unipige na gunzi.

Ulilia. Sikuwahi kukuona ukilia kabla ya siku hiyo. Kisha ukafuta uso kwa leso, ukasema maneno ambayo mimi na shahada yangu yote nisingeyapata. Ulisema:

"Hata mimi nimewaza hivyo. Huyo mwingine simjui. Hajanyonya hapa. Mimi nataka wangu, mwenye kovu ya panga kwa mguu, yenye nirimfunga na kitambaa mimi mwenyewe. Yesu naye hakufufuka mwingine. Arifufuka yeye yure, na arama za misumari kwa mikono."

Nikaacha kupukuchua. Wewe ukaendelea kana kwamba hujasema kitu.

Baada ya muda ukauliza tena, sasa kwa sauti yako ile ya kawaida, ya kutafuta makosa. "Na hizo urimwengu, kama Were Khakaba ameziumba, nani atamwambia basi, zimetosha? Mimi nimerima shamba ya Sirisia, nikarima na hii ya Kiminini. Mahindi ya Sirisia haijawahi kuona mahindi ya huku. Si mkono ni ure ure?" Wele Khakaba, Mungu mgawaji, ndivyo baba zenu walivyomwita kabla ya kusikia jina lingine, na ulilitamka siku ile kama mtu anayemtaja jirani mkarimu.

Nilitaka kukukumbatia lakini hatukuwa tumezoeana hivyo. Nilikwenda kuchemsha chai. Ulipopokea kikombe ukasema, "Mwanangu, weka sukari." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nilirudi ndani nikashika kopo la sukari muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Jumapili ulisimama katikati ya matangazo. Nani alikupa ruhusa? Hakuna. Ulisema, "Mimi ndio nirimshtaki mke wa Wekesa. Nirisikia vibaya, na nirikuwa na uchungu yangu. Reo naondoa mashtaka." Mzee Makokha akasema, "Mama Rasoa, keti, hii ni kanisa, si baraza ya chifu." Nawe ukamjibu ukiwa umesimama vilevile, "Si uriandika nikishtaki? Basi toa karamu, andika na hii." Kanisa zima likaangua kicheko, na mzee wa watu akatoa kalamu.

Nilirudishiwa darasa, lakini kwa sharti. Wazee walisema nisiyataje tena mambo ya malimwengu, kwa sababu kuna swali moja ambalo halina jibu: kama yako mengi, Yesu alikufa mara ngapi? Mimi sikuwa na jibu pia. Nikakubali. Ulinisubiri nje, ukanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Umekubari? Mimi nimesimama mbere ya watu, magoti inauma, na wewe unakubari?" Ulikuwa na haki. Niliogopa, Mama. Nilikuwa nimechoka na kiti cha nyuma.

Ukaishi nasi miaka mingine minne. Hiyo ndiyo miaka ninayoiona nikifumba macho: tukichambua mboga za murere tukibishana, wewe ukinitaka nikueleze nyota zinashikwa na nini, ukinikatiza, "Hapana, anza tena, pore pore." Halafu moyo wako ukaanza kukusumbua. Wiki ya mwisho, watu walikuwa wakipanda, nawe ulikasirika kwamba unalala mchana watu wakipanda. Ulinishika kifundo cha mkono ukasema, "Yare ya ghara. Usiache ikae kwa mdomo. Maneno ya mdomo inakufa na mwenye mdomo. Iandike." Wewe ambaye hukuwahi kuandika hata jina lako. Siku ya tatu tukakupoteza.

Nikwambie na hili, kwa sababu lilinifanya nianze kuandika. Majuma ya kwanza baada ya kukuzika, mimi mwenyewe nilianguka katika shimo lile lile. Nilikuwa nikiamka nikiwaza: pengine kuna ulimwengu ambamo tulikufikisha hospitali mapema, na sasa hivi Mama Rasoa anagombana na ng'ombe. Nilijifariji nalo siku mbili tatu. Kisha nikajiuliza, huyo Mama Rasoa wa huko ni nani kwangu? Hajaninyima salamu miezi saba. Hajakaa na mimi ghalani mvua ikinyesha. Kama yupo, namtakia heri na afya. Lakini ninayemngoja si yeye.

Siku hiyo hiyo nilinunua daftari.

Nimeandika kitabu kidogo, Mama. Mafundisho kumi na mawili ya vijana kuhusu uumbaji. Fundisho la nne ni la malimwengu, na ndani yake kuna ghala, na mto, na makovu, na mashamba mawili. Jina lako liko pale. Kanisa la Kiminini lilikipeleka kwa wazee wa mkoa mzima wa kanisa letu kule Bungoma ili waamue kama kinaweza kufundishwa katika makanisa yetu yote. Nani alikuwa kwenye kamati ya kukiamua? Mzee Makokha. Akasema waziwazi kwamba atakipinga, na kwamba kama fundisho la nne litaonekana limepotoka, si kitabu tu kitakachoondolewa. Mimi pia sitafundisha tena katika kanisa lolote.

Wekesa aliniuliza kama nataka kuliondoa fundisho lile yapite mengine. Nikamwambia nikiliondoa mama yako atatoka kaburini. Akasema, "Hiyo ni kweli," akaenda kupiga pasi suti yake.

Basi jana tulikuwa Bungoma. Ukumbi wa kanisa ulijaa, wazee mbele, wanawake wengi wamesimama nje madirishani kwa sababu viti viliisha. Nilivaa ile nguo ya kijani uliyosema inanifanya nionekane kama mgomba. Mzee Makokha akasimama, amezeeka sasa, anashikilia meza. Akasema, "Mwalimu Nafula, ni swali ile ile. Kama malimwengu ni mengi, Bwana alikufa mara ngapi? Ukisema mara moja, umewaacha hao wengine bila wokovu. Ukisema mara nyingi, umepunguza msalaba. Jibu."

Mwaka ule nilikuwa nimelikimbia swali hili, na jana halikuwa na mlango wa kukimbilia. Nikasema:

"Mzee, sijui kama hao wapo. Kitabu changu hakimwambii kijana aamini kwamba wapo. Kinamwambia asiogope kuuliza. Ninachojua ni kwamba hapa alikufa mara moja, na ilitosha. Habari za wengine hatukupewa. Petro mwenyewe aliuliza habari za mwenzake pale kando ya ziwa, akaambiwa hayo hayamhusu, yeye afuate. Lakini kama wapo, aliyetupenda sisi hapa hawezi kuwa mtu mwingine akifika kwao. Atawafikiaje, hakutuomba ushauri. Hata alipoumba hii yetu hakutuomba."

Watu waliguna, wengine wakacheka, na nikasikia mwanamke mmoja dirishani akisema, "Si amesema ukweli!" Mzee mwingine akauliza, sasa kuna faida gani kumwambia kijana kitu ambacho hakuna anayekijua? Ndipo nikafungua fundisho la nne nikasoma. Nilisoma ulivyouliza kama mto pia ulifurika. Nilisoma kuhusu kovu la panga, na kwamba hatuamini katika mtu mwingine anayefanana, tunaamini katika yule yule, na alama zake. Nilisema, "Vijana wetu watayasikia haya mambo kwenye redio na vyuoni, tutake tusitake. Siku wakifiwa watatamani kujifariji kwa mtu wa kufikirika. Nataka wawe wameshasikia jibu la Mama Rasoa."

Mzee Makokha alikuwa amevua miwani. Mama, wewe hukujua, lilitokea baada yako: mwaka jana alimzika binti yake, yule wa mwisho aliyekuwa akimsomea barua. Alikaa. Kisha akasema taratibu, "Soma hiyo ukurasa tena."

Nikausoma tena. Nilipomaliza alisimama, safari hii hakushika meza. Akasema, "Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na swali yangu nilikuwa naitumia kufunga mlango. Leo nimesikia jibu. Mimi naunga mkono kitabu, na hiyo ukurasa ya Mama Rasoa isiguswe hata herufi moja." Wakaomba mikono. Mama, mikono iliinuka kama mahindi ya Kiminini mwezi wa saba! Wachache waliobaki chini walitazamana, kisha na yao ikapanda mmoja mmoja. Hakuna aliyepinga.

Vigelegele vilianzia madirishani. Wanawake waliingia kwa nyimbo, wakanishika mikono, huyu huku na huyu huku, mpaka uwanjani, na mimi, mwalimu wa fizikia, nikiwa na viatu vya kisigino, nikacheza mpaka kisigino kimoja kikabaki kwenye nyasi za Bungoma. Wekesa, ambaye tangu nimjue hajawahi kucheza mahali penye watu, alicheza. Vibaya sana. Chebet alikuwepo, siku hizi ni mwalimu wa sayansi kule kwao Kapsokwony, alishuka mlima alfajiri kuja kusikia, na alinikumbatia akilia na kuniambia amekuja na mfuko mtupu na hatapanda mlima bila vitabu. Na kabla hatujaachana, Mzee Makokha akatangaza kwamba Jumapili ijayo mahubiri ya Kiminini ni yangu. Mimbarini pale hapajawahi kusimama mwanamke. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Simama tu, bana, kabla sijabadilisha akili."

Leo asubuhi, hata sijapumzika, mdogo wako Perisi ametuma mtu kutoka Sirisia. Wanawake wa huko wamekwisha kusikia. Wanauliza kwa nini kitabu ni cha vijana peke yao, ati wao wazee wana maiti wengi zaidi na maswali makubwa zaidi. Wanataka darasa lao, Jumamosi baada ya soko. Perisi ameongeza kwamba nisiwape majibu haraka, kwa sababu wanataka kubishana kwanza.

Nitaenda. Nakuahidi, Mama, Jumamosi hii na kila Jumamosi watakayoniita, Sirisia, Kapsokwony, popote. Mahali nisipojua nitasema sijui, na sitakubali tena sharti la kunyamaza. Watoto wangu na wanafunzi wangu hawataadhibiwa kwa swali. Na akina mama wa Sirisia wakinishinda kwa hoja, nitaiandika hoja yao na jina la aliyeisema.

Pumzika salama, Mama. Wekesa ananiita, mahubiri hayajaandikwa hata mstari mmoja, na nje watu wawili wamekuja kuniuliza kuhusu malaika.

Mwanao,
Nafula